Farasi Anayelaza Masikio Anapofungwa Tandiko

Swali: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni saisi wa farasi wanaopandwa na wageni ufukweni, huku kaskazini mwa Unguja. Farasi mmoja, dume aliyehasiwa, ameota manyoya meupe pande zote mbili za mabega, pale tandiko linapoanzia, na sasa upande wa kulia ngozi imechubuka. Kila nikivuta mshipi wa tumbo analaza masikio na kugeuza kichwa kutaka kuniuma, na akishapandwa hutupa kichwa juu. Mwenye farasi anasema huo ni ukaidi. Mzee mmoja mwenye gari la punda amenishauri niweke mto wa sufi chini ya tandiko. Nifanye nini?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullah, ndugu yangu. Mambo uliyoyaeleza yanaweza kuwa na asili mbalimbali, na kabla ya kumwita mnyama huyu mkaidi inatupasa tumpapase mgongo, tumfungue kinywa na tuulize anakula nini na saa ngapi. Kwa maelezo yako nashuku kwanza tandiko, hasa upana wa kiunzi chake na mahali linapowekwa. Hata hivyo, kuanzia leo asifungwe tandiko la aina yoyote mpaka ngozi ipone kabisa, hata kama kuna wageni wanaosubiri, kwa sababu hakuna ufundi wa kufunga tandiko utakaoponya kidonda kinachokandamizwa kila siku.

Nianze na manyoya meupe. Rangi ya unywele hutiwa na chembe zilizomo kwenye shina lake ndani ya ngozi. Ngozi ikibanwa mara kwa mara damu haipiti vizuri mahali hapo, chembe zile hudhurika au kufa, na unywele unaoota baadaye hutoka mweupe. Weupe huo, kwa hiyo, ni habari ya zamani: unaonyesha mbano uliotokea miezi au miaka iliyopita, pengine chini ya tandiko jingine na kwa mwenyewe mwingine. Mchubuko ndio habari ya leo. Viwili hivi vikikutana mahali pamoja, kama ulivyoeleza, maana yake ni kwamba kilichomuumiza zamani hakijaondoka, au kimerudi.

Sasa tuangalie mahali penyewe. Ile sehemu iliyoinuka mwisho wa shingo, juu ya mabega, ambayo hapa nitaiita nundu ya mabega, haina mafuta wala nyama nyingi kama nundu ya ng'ombe wetu. Ni ncha za mifupa mirefu inayosimama juu ya pingili za kifua, zikafunikwa na kano, misuli myembamba na ngozi. Pingili za kifua za farasi kwa kawaida ni 18, na kila moja ina jozi yake ya mbavu. Baada ya hizo huja pingili za kiuno, ambazo aghalabu ni 6, nazo hazina mbavu za kuzitegemeza. Tandiko lote pamoja na aliyelikalia linatakiwa liishie juu ya mbavu. Ufuatishe ubavu wa mwisho kwa kidole kutoka chini kwenda juu mpaka ufike mgongoni, uweke alama ya chaki, kisha utazame kama ukingo wa nyuma wa tandiko umevuka alama hiyo. Ukivuka, kiuno chake kinabeba mzigo kisioumbiwa kuubeba.

Upande wa mbele ndio wenye mambo zaidi. Farasi hana mtulinga, yaani ule mfupa ambao kwa binadamu huunganisha bega na kidari. Bega la farasi halikuungwa na kifua kwa mfupa wowote. Kifua kimebebwa katikati ya mabega mawili kwa misuli na kano tu, na ndiyo maana mfupa wa bega unaweza kuteleza juu ya mbavu. Anaponyoosha mguu wa mbele kuchukua hatua, ncha ya juu ya mfupa huo hurudi nyuma. Weka kiganja chako bapa nyuma ya bega lake, mwambie mwenzako amwongoze taratibu hatua chache, na utasikia mfupa unakuja kukusukuma vidole kisha unaondoka. Basi kiunzi cha tandiko kikiwekwa juu ya mfupa huo, au sentimita chache tu mbele ya mahali pake, bega linakigonga kwa kila hatua, na farasi atafupisha hatua, atainua kichwa na kuudidimiza mgongo ili kuukwepa. Mwanzo wa matatizo mengi ya tandiko ninayoyaona ni huu, wala si ubovu wa tandiko lenyewe.

Namna ya kuliweka ni rahisi. Liweke mbele kidogo, juu ya nundu, halafu livute nyuma polepole kwa kufuata ulalo wa manyoya mpaka litulie lenyewe penye bonde la mgongo. Usilisukume mbele kamwe, kwa sababu manyoya yatakunjika chini yake na kuanza kukwaruza. Likitulia, papasa ukingo wa mfupa wa bega na uhakikishe kwamba sehemu ngumu ya mbele ya kiunzi iko nyuma yake. Ngozi laini inayoning'inia ubavuni inaweza kufika mbele zaidi bila madhara. Ninachokisema ni kile kigumu kilichomo ndani.

Kiunzi hicho, ambacho huwa cha mbao, chuma au plastiki, kina upinde mbele unaokaa juu ya nundu mfano wa herufi V iliyopinduliwa. Upinde ukiwa mpana mno, tandiko lote hushuka na kukaa juu ya mifupa ya nundu, na madonda hutokea kileleni. Ukiwa mwembamba mno, hubana pande mbili chini ya nundu, sehemu ya mbele ya tandiko ikanyanyuka na mpandaji akateleza kuelekea nyuma. Wewe umesema manyoya meupe yako pande zote mbili na hukutaja kidonda cha juu, kwa hiyo dalili zinaniongoza kwenye tandiko jembamba. Lijaribu ngozi itakapopona, bila kitambaa chini yake. Pitisha mkono bapa kati ya tandiko na bega, kuanzia juu kushuka chini: mbano unapaswa kuwa sawasawa njia nzima, usiongezeke ghafla mahali pamoja. Kisha, mtu mwepesi akiwa amekaa juu, hakikisha vidole viwili au vitatu vinaingia kati ya nundu na upinde. Simama nyuma, kwa usalama wako ukiwa kando kidogo, utazame mfereji wa katikati ya tandiko: unatakiwa uone mwanga mpaka upande wa pili, kwa maana hakuna kitu kinachoruhusiwa kugusa uti wa mgongo wenyewe.

Kipo kipimo kingine ambacho hali ya hewa yetu inatusaidia sana kukipata. Baada ya nusu saa ya kazi ya wastani, mfungue tandiko uutazame mgongo kabla hujaumwagia maji. Jasho linapaswa kuwa limeenea sawasawa pande zote mbili, na mfereji wa katikati tu ndio uwe mkavu. Ukikuta kiraka kikavu katikati ya jasho, kina maana mojawapo kati ya mbili: ama tandiko limebana kiasi cha kuzuia vinyweleo visitoe jasho, au haligusi kabisa mahali hapo. Tofauti utaijua kwa mkono. Bonyeza kwa ncha za vidole, na akididimiza mgongo, akitingisha ngozi au akigeuka kukutazama, hapo pamebanwa. Kiraka kikavu katikati ya mgongo, pamoja na jasho jingi mbele na nyuma, aghalabu huonyesha tandiko lililoegemea ncha zake mbili tu na kuacha uwazi katikati.

Nije kwenye ushauri wa mzee wa punda. Sitaki uudharau, kwa sababu kwa mnyama wake una mantiki. Mgongo wa punda umenyooka, nundu yake ya mabega ni ndogo sana, na shogi analobebeshwa halina upinde mgumu wa mbele. Mto wa sufi au wa makumbi husaidia kuutandaza mzigo pande zote mbili za uti wa mgongo. Farasi wako, kinyume chake, amebanwa na upinde mgumu, na kumwongezea mto chini yake ni sawa na kuongeza soksi ndani ya kiatu kinachobana. Zaidi ya hayo, sufi ikilowa jasho hujikusanya mafundo, na kila fundo ni kidonda kipya. Usikate pia tundu kwenye sponji ili kidonda kikae ndani yake, kwani kingo za tundu hubana kuzunguka kidonda na kukiongezea uvimbe. Kitambaa kimoja cha pamba, kisafi na kikavu, kinatosha. Ukishakiweka, kiinue kwa vidole mpaka kiingie ndani ya mfereji wa tandiko ili kisivutike juu ya nundu.

Dawa ya tandiko jembamba ni tandiko pana. Yapo ambayo upinde wake wa chuma hubadilishwa, na yapo ambayo mito yake imejazwa sufu na fundi anayeyajua matandiko anaweza kuijaza upya, lakini fundi viatu, hata awe hodari vipi, asipewe kazi ya kupanua kiunzi kwa nyundo. Kagua pia kama kiunzi kimevunjika: egemeza nyuma ya tandiko kwenye paja lako, shika mbele kwa mikono miwili, uvute kuja kwako. Likikunjika katikati au likilia, litoe kazini moja kwa moja.

Jambo ambalo mara nyingi husahauliwa ni kwamba farasi hubadilika umbo. Tandiko lililomkaa vizuri alipokuwa amenawiri litamshukia kwenye nundu akikonda. Ukiona misuli ya nyuma ya mabega imebonyea na mbavu zinahesabika, tandiko si tatizo la kwanza tena. Unguja haina mbung'o tangu miaka ya 1990, walipotokomezwa kwa kuachiliwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi, kwa hiyo kwa farasi aliyekonda hapa kwetu natazama kwanza meno, minyoo, magonjwa yanayoletwa na kupe, na uhaba wa majani.

Umesema mchubuko uko kulia, na hili limenifanya nifikirie jinsi wageni wanavyopanda. Mtu akipanda kutoka chini kwa kukanyaga kikuku cha kushoto, uzito wake wote hulivuta tandiko kushoto, na kinacholizuia lisigeuke ni upinde wa kiunzi unaojikaza dhidi ya upande wa kulia wa nundu. Hilo likirudiwa mara nyingi kwa siku, na watu wasio na mazoea, upande wa kulia ndio unaoumia hata kama tandiko ni zuri. Tengenezeni kipago imara cha mbao cha kupandia, na mtu mwingine ashike kikuku cha kulia na kukivuta chini wakati mgeni anapanda. Kipago hakigharimu kitu kikubwa, nami ningekifanya cha lazima kila mahali farasi wanapokodishwa.

Ufukwe nao una taabu zake. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, hubaki ukanda mwembamba wa mchanga laini wenye mteremko, na farasi hutembea miguu ya upande mmoja ikiwa chini kuliko ya upande wa pili. Tandiko huteleza kuelekea baharini na mpandaji huegemea upande mmoja bila kujua. Chini ya magoti na vifundo vya nyuma miguu ya farasi haina misuli, ni kano na mifupa tu, na mchanga laini huzichosha kano hizo upesi. Pangeni safari wakati maji yamekupwa na mchanga mgumu, ulio tambarare, umejitokeza. Chumvi na chembe za mchanga wa matumbawe hujikusanya chini ya mshipi wa tumbo na kusaga ngozi ya kwapani, kwa hiyo baada ya kazi mwoshe kwa maji baridi ya kisima au ya bomba, uoshe na mshipi wenyewe, na chuma chochote kilichoanza kutu kiondolewe. Akiingizwa baharini aingie bila tandiko.

Kuhusu mshipi, ukae nyuma ya kiwiko kwa upana wa kiganja hivi, na ukazwe kwa awamu: kwanza ushike tu, kisha umtembeze kidogo, kisha ukaze, na mara ya mwisho kabla mgeni hajapanda. Lakini farasi anayetaka kuuma mshipi unapovutwa anaweza pia kuwa na vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi ni dogo kwa kulinganisha na mwili wake, na hutoa asidi mchana na usiku, akila asile. Sehemu ya juu ya tumbo hilo haina kinga kama iliyo nayo sehemu ya chini, na anapokimbia akiwa na njaa asidi huruka juu na kuichoma. Farasi aliyefungwa kivulini tangu asubuhi akisubiri wageni bila majani mbele yake yumo katika hatari hiyo hasa. Mpe majani muda wote anaposubiri, na kiasi kidogo kabla ya kumpandisha mtu, usimshindishe njaa ukamfidia jioni kwa ndoo ya pumba.

Kutupa kichwa kunaweza kutokana na mgongo huohuo, lakini kinywa nacho kikaguliwe. Kati ya meno ya mbele na magego ya farasi kuna pengo la ufizi mtupu, na hapo ndipo chuma cha lijamu kinapolala, juu ya ulimi na juu ya ufizi mwembamba uliofunika mfupa. Madume wengi huwa na chonge mbele ya pengo hilo, na farasi wengine huwa na kijino kidogo mbele ya gego la kwanza la juu ambacho chuma hukigonga na kuleta maumivu makali. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo za nje za magego ya juu hazisagiki vizuri, zikawa kali na kukata mashavu kila mikanda ya lijamu inapoyabana. Kingo hizo hupigwa tupa na daktari wa mifugo, na meno yatazamwe walau mara moja kwa mwaka. Chuma chenyewe kisibane pembe za mdomo. Kibaki kama nusu sentimita kila upande. Kama mnatumia mkanda wa pua, vidole viwili vilale chini yake juu ya mfupa wa pua, kwa sababu farasi hawezi kuvuta pumzi kwa mdomo. Wageni wasiojua kupanda hujishikilia kwa vigwe wanapoyumba, na uzito wao wote huenda kwenye ule ufizi. Mvalisheni farasi mkanda shingoni, mgeni aambiwe ajishike hapo.

Hukuniuliza uzito, ila swali lako haliwezi kujibiwa bila huo. Kiwango kinachokubaliwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Huna mizani, lakini futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 11,880, utapata uzito wake wa kukadiria kwa kilo. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa sentimita 150 ana kilo 365 hivi. Asilimia 20 yake ni kilo 73, na ukitoa tandiko la kilo 10 unabaki na mpandaji wa kilo 63. Wanaume wengi wazima wanaokuja ufukweni ni wazito kuliko hivyo. Hesabu hii muifanye kwa kila farasi na muiandike, ili anayempokea mgeni awe na la kumwambia bila kumvunjia heshima.

Mchubuko uoshwe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, ukaushwe kwa kitambaa safi, na ukingwe na nzi. Usipake oili chafu ya gari wala majivu. Ngozi ikishafunga, subiri mpaka manyoya yaanze kurudi na asishituke ukimbonyeza, ndipo ufikirie tandiko. Lakini ukiona nundu yenyewe imevimba, ina moto, au inatoa usaha kwa kitundu, usiibinye na usiipasue. Chini ya kano ya nundu kuna kifuko cha majimaji ambacho kinaweza kuoza kwa ndani, na baadhi ya maradhi hayo huletwa na vijidudu vya bruselosi, vilevile vinavyotupisha mimba ng'ombe na vinavyoweza kumwambukiza binadamu. Ukifikia hapo, vaa glavu unapomshika, mtenge na ng'ombe, na umwite daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyohiyo achukue vipimo.